Wapangaji Wamefutwa, Sasa ni Ukoo

Ilitangazwa rasmi, mbele ya lango la ghorofa moja mtaani Albert Park, kwamba kuanzia Jumapili hiyo jengo halina tena mpangaji hata mmoja. Wote wamepandishwa cheo. Wamekuwa ndugu.

Mtangazaji alikuwa Papa Dominiki Niyonkuru, mwenye jengo, na mwenyekiti wa Kamati ya Wenye Nyumba ya Kugawana Maumivu. Maumivu yenyewe yalikuwa ya kweli. Jengo alilinunua kwa mkopo, na miaka yote riba aliyoilipa benki aliitoa kwanza kwenye mapato yake, ya pango na mengineyo, ndipo serikali ikate kodi yake kwenye kilichobaki. Sasa serikali ilikuwa imepunguza nafuu hiyo. Ni sehemu tu ya riba ambayo ingehesabiwa. Wenye nyumba wenzake walijibu kila mmoja kwa kadiri ya akili yake. Mmoja wa Sydenham alipaka lango rangi mpya, akapandisha pango kwa sababu ya rangi. Mwingine aligundua kwamba roshani nayo ni chumba. Papa Dominiki hakutaka mambo ya kubahatisha. Aliitisha kikao cha kamati, yaani yeye na mkewe Diane aliyekuwa akikaanga samaki, akatoka na sera.

"Ndugu hawapangishani," aliwaeleza waliokusanyika. "Ndugu wanaishi pamoja tu. Kwa hiyo pango limekufa, leo tunalizika."

Makofi yalivuma.

"Kutabaki mchango wa ukoo, kila mwezi. Utazidi pango kidogo. Damu nzito kuliko maji."

Makofi yakakatika.

Mama Ghislaine, msusi mwenye saluni yake barabarani hapo chini, alinyoosha mkono. "Bon, Papa Dominiki. Sasa mimi niko nani kwako?"

"Wewe ni mtoto wa ndugu yangu."

"Ndugu gani?"

"Kamati inamtafuta."

Ghislaine alifikiri kidogo. Kisha akapiga goti, kwa adabu zote. "Asante, baba mkubwa."

Dominiki alisikia utamu mpaka kwenye vidole vya miguu. Hakuna mpangaji aliyewahi kumpigia goti. Wiki hiyo aliiarifu ofisi ya kodi kwamba hapangishi tena, anaishi na watu wake, hivyo hakuna pango la kukatwa kodi, kisha akarudi nyumbani kwake Queensburgh kulala usingizi wa pono.

Hakuulala sana. Mama mzazi wa Ghislaine alifariki huko kwao Uvira, nchi nyingine kabisa, na kila mtu anajua matanga hukaliwa kwa mkubwa wa ukoo. Jioni moja taxi zilisimama mbele ya nyumba ya Queensburgh, zikashusha magodoro, masufuria na kwaya nzima.

"Mnatafuta nani?" Diane aliuliza getini.

"Tumefika kwetu, mama mkubwa," alijibu Papy, fundi simu wa ghorofa ya tatu, akiwa na gunia la mkaa begani. "Moto tutawasha wapi?"

Ghislaine alimwangukia Dominiki kifuani, akalia kilio cha kweli, cha mtu aliyeshindwa kusafiri kumzika mamaye. Dominiki, ambaye naye hakumzika wa kwake, alijikuta analia pia. Shati lililowa. Kwa muda mfupi alisahau kabisa kwamba ni sera.

Alikumbuka mwezi ulipoisha. "Papy," alinong'ona, "na mchango je?"

"Eish, baba mkubwa! Ukoo iko kwa matanga. Nani anadai watu kwa matanga?"

Baada ya matanga, Papy akapata mchumba, na wakwe wakataka kumwona mzee wa upande wa kiume, na mbuzi wake. Baada ya mbuzi kukazaliwa mtoto. Mchango ulikuja mwezi huu, ukarukwa mwezi ule, ukaja nusu pamoja na shida ya mtu. Dominiki akarudi langoni na kutangaza, kwa mamlaka aliyopewa na kamati, kwamba ukoo umevunjwa.

"Ukoo haivunjwi, baba mkubwa," Ghislaine alimwambia kwa huruma. "Iko kama mimba. Ikisha kuingia, imeingia."

Ndipo alipofika afisa wa kodi, mama mmoja mtaratibu, kuja kuhakikisha habari za watu wa Dominiki. Ukoo ulimpokea kwa kiti na soda. Ghislaine alimsimulia lile shati. Papy alimsimulia yule mbuzi. Afisa aliguswa.

"Nimeridhika," alisema, akifunika kalamu. "Hii kweli ni familia. Na kwa kuwa hapa hakuna biashara ya kupangisha, hakuna riba yoyote itakayohesabiwa. Hata ile sehemu iliyobaki, imefutwa."

Dominiki aliruka kama aliyekalia siafu. "Madame, hawa si ndugu zangu! Ni wapangaji! Nawatoza kila mwezi!"

Afisa aliifunua kalamu. "Kila mwezi? Na mapato hayo umeyaficha tangu lini?"



"Madame, msamehe," Papy aliingilia upesi. "Ni huzuni. Bado iko na msiba."

"Basi achague mwenyewe," alisema afisa. "Ndugu, au wapangaji?"

Papa Dominiki aliwatazama. Nao walimtazama, kwa upendo mkubwa.

"Ndugu," alisema.

"Na wanachotoa?"

"Wanatoa kwa hiari."

"Hongera," afisa alimpa mkono. "Watu kama wewe wamebaki wachache."

Mwisho wa mwezi mwenyekiti alisimama langoni kupokea hiari. Ghislaine alimpa bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, moto kabisa. Papy alimbandikia kioo kipya cha simu. Wengine walimwombea baraka, ndefu, wakiwa wamemshika kichwa.

Kwa simu hiyo hiyo yenye kioo kipya, Papa Dominiki aliwapigia benki, akaomba wamsubiri kidogo na riba yao. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole sana. Ilimwuliza kama hana ndugu wa kumsaidia.