Nane kwa Mpigo

Jumatatu, 1 Juni 2026
Ukungu umefunika Msasani yetu yote ya huku milimani. Dada Felista, bosi wetu, amepiga simu kutoka Mbeya. Mashine yetu ya kuchambua maparachichi ni nzito mno. Inapima tunda moja moja, mkanda unaiacha. Ijumaa tunawaonyesha wakulima wa Kisondela. Ikituaibisha, mmoja wetu ataondoka kazini: mimi au mwenzangu Lusungu. Akauliza kazi yangu imefika wapi. Nikasema iko ukingoni. Mwongo mimi! Sijaigusa.

Kazi yenyewe: kuifanya kompaila, ile programu inayotafsiri maandishi yetu kuwa lugha ya prosesa, itumie maagizo ya vekta. Yaani namba nane zikokotolewe kwa mpigo mmoja. Prosesa yetu, ubongo wa mashine, ni ya aina ya RISC-V; inaweza. Mimi ndiye sina hakika.

Jumanne, 2 Juni
Nimepata ujanja! Lusungu aliwahi kuandika kitu kama hiki kwa prosesa ya aina nyingine. Nimekinakili, nimebadilisha majina. Kikwazo kimoja: prosesa hii ina adabu kupita kiasi. Kila mzunguko huuliza zimebaki namba ngapi, isije ikagusa zisizoihusu. Swali hilo limenishinda. Nimelifuta, nikaandika nane. Si trei zetu ni za maparachichi manane? Basi! Mashine inakimbia. Nimecheza peke yangu chumbani, kisha nikaogopa, nikakaa.

Jumatano, 3 Juni
Balaa. Lusungu anataka kuusoma msimbo wangu. Akiuona atajua ni wake. Nikamwambia mtandao umekatika. Akasema anakuja na bodaboda. Nikafunga mlango wa chumba changu kwa kufuli kwa nje, nikaingia kupitia dirishani. Akafika, akapaza sauti kwa salamu ya kwetu: ugonile! Nusura niitikie kwa mazoea. Mama akamkaribisha barazani, akampa ndizi za kuchoma, akamwambia hajaniona nikitoka ila siku hizi nina mambo yangu. Nimelala chini ya kitanda nikiwasikiliza wanavyocheka.

Alhamisi, 4 Juni
Nimejaribu trei za manane siku nzima. Hakuna kosa. Nimemwambia Dada Felista kwamba nane ndicho kiwango cha kitaalamu, kisizidishwe. Akanisifu! Sifa zimenitia hofu kuliko matusi.

Ijumaa, 5 Juni
Mungu wangu. Ghala la chama cha wakulima, Kisondela, watu wamejaa. Mwenyekiti wao, Bi Sekela, akapewa heshima ya kujaza trei. Akapanga manane. Nikashusha pumzi. Halafu akachukua la tisa, kubwa, akaliweka juu. Nikaruka: hapana, mama! Akashangaa. Akaniuliza ni nani amewahi kumpimia mgeni nane kavu bila nyongeza, na mimi nimelelewa wapi. Watu wakaguna wakimuunga mkono. Dada Felista akabonyeza kitufe.

Mashine ikamaliza manane, ikafika kwa la tisa. Limebaki moja, lakini mimi nimeiamuru nane! Ikachukua namba saba za jirani kwenye kumbukumbu yake, ikiwemo ile ya kasi ya mkanda, ikaziandika upya. Mkanda ukapagawa. Maparachichi yakaruka. Moja likampata kifuani Mzee Ambindwile, mweka hazina. Lingine likapasukia kwenye blauzi nyeupe ya Dada Felista. Skrini ikatangaza parachichi lenye uzito wa ng'ombe. Dada Felista hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu nirekebishe kufikia Jumanne, la sivyo nikabidhi kompyuta.

Jumamosi, 6 Juni
Lusungu amekuja tena. Safari hii nimemfungulia. Kumbe jana ameshausoma msimbo kwenye kompyuta ya mashine, ameutambua, na wala hana kinyongo. Akasema kosa ni dogo, nirudishe tu lile swali la zimebaki ngapi. Tukikaa pamoja tutamaliza kabla chai haijapoa. Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka njiani. Huyu anataka nafasi yangu!

Tatizo halisi nimeligundua mwenyewe: nyongeza. Jumatatu naenda Kisondela kumweleza Bi Sekela, mbele ya wanachama wote, kwamba ukarimu wa namna ile hauendani na teknolojia, na chama kiupige marufuku. Nimeazima helmeti ya bodaboda. Sitaivua hata nikiwa ndani ya ghala.