Sahihi za Samaki Wanne

Ofisi ya Maji ya Mara ya Pili iliwatangazia wakazi wote wa mtaa wa Lucky Summer kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna tone la maji litakaloruhusiwa kufanya kazi mbili bila kibali. Tangazo lilibandikwa kwenye kila lango la ploti, likiwa na mihuri mitatu, na sababu yake ilikuwa nzito: maji yakifua nguo kisha yakapiga deki, yameyanyang'anya kazi maji mengine ambayo bado yanangoja nafasi. Nchi yenye uhaba wa ajira haiwezi kuvumilia jambo kama hilo.

Wakazi, ambao mfereji wao ulitoa maji siku moja kwa wiki, walisoma tangazo, wakakubaliana kwamba limeandikwa kwa Kiswahili safi, kisha wakaendelea kufua na kupiga deki.

Nabiswa peke yake ndiye aliyelitilia maanani. Alikuwa mjane wa miezi minne. Mumewe Bwire, kibarua wa kiwandani kule Baba Dogo, hakumwachia shamba wala gari. Alimwachia tangi la kioo, samaki wanne wa rangi ya chungwa, na chujio alilolitengeneza mwenyewe kwa ndoo, sponji, kokoto na pampu ndogo. Kila Jumamosi Bwire alitoa robo ya maji tangini, akaikamulia sponji katika maji hayo hayo, kisha yale maji ya kahawia akayamimina kwenye magunia ya sukuma wiki yaliyopangwa ukutani. Sukuma ilinawiri hadi majirani wakashuku ina mganga. Bwire alikuwa akiwasalimu samaki kabla ya kumsalimu mkewe, na mkewe alikuwa akinuna. Sasa hakuwa na wa kumnunia. Alichobaki nacho ni ile kazi ya Jumamosi, na hakutaka mtu aje kumwambia ni kosa. Akaenda kutafuta kibali.

"Kazi ya kwanza ya maji?" aliuliza Bwana Wachira, Afisa Msimamizi, kalamu ikiwa tayari.

"Samaki wanakaa ndani yake."

"Kazi ya pili?"

"Kunywesha sukuma."

"Sababu ya maji kuacha kazi ya kwanza?"

"Yamechafuka."

"Tutaandika yamestaafu. Sasa hapa chini, mama, tunahitaji sahihi ya mtumiaji wa kwanza."

"Mtumiaji wa kwanza ni samaki, bwana afisa."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Basi sahihi nne. Ama alama ya kidole gumba."

"Samaki hana kidole."

Wachira alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Leta barua ya chifu ithibitishe kwamba hana."

Chifu alikataa kuandika. Alisema hawezi kuwathibitisha watu ambao hajawahi kuwaona barazani.

Jumamosi ilipofika, Nabiswa alibadilisha maji kama kawaida, kwa kuwa samaki hawajui kungoja kibali. Hakuwa amemaliza gunia la pili Wachira alipoingia langoni na mkokoteni. Alichukua tangi, chujio, na samaki ndani ya ndoo. Vyote vilikuwa ushahidi.

Shiru, jirani aliyeuza mboga pale langoni, alisimama na kisu chake cha kukatia sukuma. "Wasee, mnashika samaki? Wameiba nini?"

"Hawajashikwa," Wachira alisema. "Wanatusaidia katika uchunguzi."

Nabiswa hakupiga kelele. Alishika ukingo wa mkokoteni na kusema polepole, "Kila Jumamosi toa robo ya maji. Sponji usiioshe kwa maji ya mfereji, utaua vijidudu vinavyowatunza. Ikamulie kwenye maji yao wenyewe. Wakifa hawa, bwana afisa, sina kingine."

Wachira aliandika yote. Sheria ilisema ushahidi ufike mbele ya kamati ukiwa katika hali uliyokutwa nayo, na samaki hawa walikuwa wamekutwa wakiwa hai. Kwa hiyo kila Jumamosi afisa huyu alikunja mikono ya shati, akatoa robo, akakamua sponji. Ugumu ulikuwa mmoja tu: maji yale hakuweza kuyamwaga. Akiyamwaga chooni, yamesafisha choo. Akiyamwaga uani, yametuliza vumbi. Zote hizo ni kazi. Akayahifadhi kwenye mitungi ya plastiki, akaipanga kando ya mlango wa ofisi.

Nyumbani, sukuma ilisinyaa. Nabiswa alikula chakula chake akitazama meza tupu, ambapo tangi lilikuwa limeacha alama ya mraba.

Jumamosi ya nne kamati ilikaa: watu watano wenye tai, wakiongozwa na Mheshimiwa Lusweti. Nabiswa aliketishwa kwenye benchi karibu na tangi. Aliwahesabu samaki. Walikuwa wanne. Akapumua.

Kikao hakikufunguliwa mara moja, kwa maana hakuna kikao cha serikali kinachoweza kufunguliwa kabla ya chai. Khavere, mama wa chai, alileta birika mbili kubwa za chai ya maziwa. Lusweti alikunywa kikombe cha kwanza, akakubali cha pili, akaomba cha tatu.

"Khavere, leo umetupikia. Chai ina mwili."

"Asante, mheshimiwa."

Ndipo akapangusa midomo na kuagiza maji ya mshtakiwa yaletwe. Wachira alitoka mlangoni, akarudi na mitungi mitupu.

"Khavere, maji yaliyokuwa hapa yako wapi?"

"Maji gani, bosi?"

"Ya mlangoni."

"Si mmekunywa." Khavere aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka. "Mfereji umekauka wiki ya pili sasa. Nilikuuliza asubuhi nipikie nini, ukasema usinisumbue, tumia yaliyopo. Nikatumia yaliyopo. Nimeyachemsha vizuri, lakini."

Lusweti alichungulia kikombe chake cha tatu kama mtu anayetafuta jina la aliyemsaliti.

Nabiswa aliinua mkono, kama alivyofundishwa shuleni. "Samahani, mheshimiwa. Hiyo chai ilikuwa na kibali?"

Kamati ilisimamisha kikao kwa dakika kumi. Iliporejea, ilikuwa imeamua kwa kauli moja kwamba kibali kitatolewa sasa hivi na kupewa tarehe ya jana. Fomu yenye kurasa sita ilijazwa. Kazi ya kwanza: makazi ya samaki. Kazi ya pili: chai ya kamati. Kilichokosekana ni sahihi za watumiaji wa kwanza, na kamati, kwa hekima yake, ilitambua kwamba mlezi anaweza kuwawakilisha.

"Mama," Lusweti alisema kwa sauti laini, "tia sahihi hapa tuyamalize."

"Nitawauliza kwanza. Lakini hawa hawasemi wakiwa ugenini. Inabidi warudi nyumbani."

Basi wakazi wa Lucky Summer wakaona mkokoteni ukirudi, umebeba tangi, na wanaume watano wenye tai wakiusukuma. Nabiswa aliwaonyesha pa kuliweka, akaiwasha pampu, akasikiliza hadi mlio wake ukatulia. Kisha akawapa ndoo, maana ilikuwa siku ya kubadilisha maji. Lusweti akabeba ya kwanza hadi kwenye magunia.

"Mathe," Shiru aliita kutoka langoni, "hawa mafundi umewatoa wapi?"

"Ni kamati."

"Kamati inamwaga poa. Bosi, hilo gunia la mwisho umeliruka."

Lusweti akarudi kwenye gunia la mwisho.

Sasa ni Jumamosi ya tisa tangu tangi lirudi. Sukuma imesimama tena, na fomu, ambayo bado haijatiwa sahihi, imeegemezwa kwenye kioo cha tangi, upande ambao samaki wanaweza kuiona. Kamati hufika saa nne kamili kufuatilia, na huwa inakuta ndoo ziko tayari. Lusweti akishanawa mikono, huinama mlangoni na kuuliza kwa adabu:

"Mama, wameshasema?"

"Wanasoma, mheshimiwa," Nabiswa humjibu. "Wamefika ukurasa wa pili."