Homa ya Tairi la Kushoto

Jumatatu, 2 Septemba

Leo gari imenitia mtaroni mara mbili. Mara zote mtaro wa kushoto. Nakanyaga breki pale mteremko wa Bigwa, usukani unanichomoka, tunakwenda kushoto kama ng'ombe kaona majani. Mimi! Hamza! Niliyeshusha ndizi za Uluguru miaka arobaini, mpaka mawe ya njiani yananiamkia shikamoo!

Pikapu haina kosa. Aliyeniuzia kule Mazimbu aliapa ilibeba wapigania uhuru. Halidi anasema ilibeba kuku.

Huyu Halidi ni shemeji, kamuoa dada yangu. Jumamosi binti yao Shamsia anaolewa, na mjomba ni mimi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye anamtoa. Namtoa kwa gari yangu, kakaa mbele, vigelegele nyuma. Halidi hataki. Kaahidiwa gari nyeupe ya mwalimu mmoja wa chuo. Jioni kanikuta natoka mtaroni, akaniuliza kwa upole kama humo nimepanda bamia. Halafu mbele ya watu akatoa sharti. Ijumaa baada ya swala nishuke na gari, nifunge breki mbele ya wazee. Ikisimama imenyooka, bibi harusi anapanda kwangu. Ikivuta, gari nyeupe.

Nikamwambia hata leo! Kwa bahati hakutaka leo.

Sasa najiuliza. Juzi gari nzima kabisa. Jana Halidi kachuchumaa karibu na tairi la mbele kushoto, eti anafunga kamba za viatu. Halidi anavaa kandambili.

Jumanne, 3 Septemba

Nimempelekea gari Angelina, fundi wa breki. Mkono wa kazi anao, lakini ni Mnyamwezi, mtani wa kabila langu. Mwezi uliopita nilipata mafua, akapiga yowe gereji nzima kwamba Hamza kafa. Akalia na machozi kabisa. Watu wakapiga simu nyumbani kutoa pole. Nikapokea mwenyewe. Wakanipa pole.

Kaendesha, kafunga breki mara tatu, kashuka. Kaniambia nisogeze kiganja kwenye tairi za mbele. Kushoto moto! Kulia baridi kama maji ya mlimani. Akasema, babu, unavutwa kushoto lakini ugonjwa uko kulia. Breki ya kulia imelala, haibani. Ya kushoto inafanya kazi peke yake, ndiyo maana inakuvuta kwake. Usimlaumu anayefanya kazi, mlaumu aliyelala. Akaongeza kwamba hiyo ya kulia ni Mluguru halisi.

Nikacheka mpaka nikashika boneti. Nikamwambia mtani, leo umenipata. Navutwa kushoto, mgonjwa kulia! Ni sawa na kuumwa jino ukafungwa bandeji goti. Akaapa. Mtani akiapa ndiyo unajua anakudanganya. Akasema basi niache gari, afungue tairi la kulia nione kwa macho yangu. Nimwachie gari mtu aliyeniombolezea nikiwa mzima? Nikaondoka zangu.

Nimefika nyumbani salama. Kwa njia ya mtaroni.

Jumatano, 4 Septemba

Nimegundua! Shule sikwenda, lakini watoto wanane nimelea. Mwenye joto ndiye mgonjwa. Hata bibi kipofu anajua, anapapasa paji la uso basi. Tairi la kushoto lina homa. Angelina mjanja, kanionyesha ugonjwa halafu akanigeuzia upande.

Na homa hii haikuja yenyewe. Imetiwa. Imebaki kumkamata mtiaji.

Kabla ya Magharibi nimemwaga majivu kuzunguka gari yote. Atakayesogea ataacha nyayo. Mke wangu Zuhura kauliza kama nazindika pikapu au napanda mboga. Nikamwambia hii ni siri. Akasema siri gani, mtaa mzima umesimama unatazama. Kweli walikuwepo wengi. Na Halidi alikuwepo! Kanisalimia kwa furaha. Mtu safi hawezi kufurahi kiasi kile.

Alhamisi, 5 Septemba

Nyayo! Za kandambili, kisigino cha kulia kimelika. Nimekata kijiti, nimepima urefu.

Nikapita nyumba kwa nyumba na kijiti changu. Wakiuliza, nasema mjomba anataka kujua saizi za viatu vya watu, kwa ajili ya harusi. Sijaona watu wakitoa miguu haraka hivyo. Halidi katoa yote miwili, kavua na soksi. Soksi ya nini kwenye kandambili? Nimeiandika moyoni. Lakini mguu wake mfupi, kijiti kimempita vidole viwili. Akaomba vyake viwe vyeusi.

Mchana nikachoka, nikaketi kwenye ngazi, nikajipima mwenyewe kwa mchezo tu. Kijiti kikakaa sawasawa. Kisigino cha kulia kimelika.

Huyu mtu hatari sana. Kavaa kandambili zangu!

Alasiri nikaanza matibabu. Jeki, spana, tairi la kushoto nje. Breki ya huku inang'ang'ania, ndiyo inapata homa. Dawa ya king'ang'anizi ni ulaini. Nimechukua mafuta ya alizeti ya Zuhura, nikapaka sahani ya breki na pedi zake, pande zote mbili, bila uchoyo. Nikarudisha tairi. Kujaribu sijajaribu. Nani ampe adui nafasi ya kuona?

Halidi kaeneza kwamba namnunulia kila mtu viatu. Sasa unaona vita anavyopigana.

Ijumaa, 6 Septemba

Siku yenyewe.

Wazee wamejipanga nje ya msikiti. Halidi kajipaka manukato utafikiri yeye ndiye anaolewa. Nikashuka mteremko taratibu, kiwiko dirishani. Nikakanyaga breki.

Usukani kimya! Haivuti kushoto, haivuti kulia. Imenyooka kama safu ya swala! Nikatoa kichwa, nikawauliza wazee kama wanaona. Wakaitikia wanaona. Wakanipungia mkono. Nikawapungia. Nikaona wanazidi kuwa wadogo.

Kasoro moja tu. Gari haisimami.

Nikakanyaga tena. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Halidi kapandisha kanzu, anakimbia ubavuni, ananipigia kelele nivute breki ya mkono. Mzee mzima! Ile ya mkono ilikatika zamani, nikampigia kelele kwamba nafungia mbuzi kwa waya wake. Akarusha jiwe mbele ya tairi. Tukaliruka. La pili, tukaliruka. La tatu likapunguza mwendo, tukaingia kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga, tukatulia. Taa moja imepasuka. Mimi mzima.

Nikawaambia wazee sharti lilikuwa kunyooka, nimenyooka. Wakasema sharti lilikuwa kusimama kwanza. Halidi kanishika mabega, anahema, akaniambia, shemeji, kesho ungekuwa na mtoto wangu humo ndani.

Hilo liliniingia. Nikawaita vijana, tukaisukuma gari mpaka nyumbani.

Shamsia hatoki nje mpaka harusi, lakini kapiga simu. Sijawahi kumsikia na sauti ile. Kasema gari nyeupe hataki, pikapu hataki, anamtaka mjomba wake akiwa mzima, maana mwingine hana. Akauliza tairi nimelitia nini. Nikasema dawa. Zuhura kaninyang'anya simu, kamwambia lile tairi linanukia maandazi. Shamsia akakata, akampigia Angelina.

Nikalala mapema, nikiwaza. Mtu wa kawaida anapata wapi mawe matatu kwa haraka ile?

Jumamosi, 7 Septemba

Angelina kafika alfajiri na mfuko wa spana. Leo hakutania, nikaogopa. Kafungua kulia. Kile kipistoni cha kusukuma pedi kimeganda kwa kutu, hata kwa nyundo kinagoma. Sahani ya breki imeota kutu kama sufuria lililosahaulika mvuani. Kaniinamisha kichwa mpaka nikaona. Kabadilisha, kasafisha, katupa pedi zangu za alizeti akaweka mpya, kaunga na ule waya wa breki ya mkono niliofungia mbuzi. Kafunga breki mara kumi. Imenyooka, na imesimama.

Shamsia katoka kapambwa, kang'aa, nikatafuta leso. Gari nyeupe inangoja. Akasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba atapanda ya mjomba. Nikamtazama Halidi! Halafu akasema, ila mjomba asiguse usukani.

Basi Angelina kaendesha, Shamsia kati, mimi mlangoni. Halidi kapanda nyuma na akina mama, kakumbatia jiwe. Njia nzima nilikanyaga sakafu kila kona. Bila mimi tusingefika. Kwa bwana harusi nikamshika mkono mtoto, nikamkabidhi kama babu zangu walivyokabidhi. Halidi alilia kunizidi. Alikuwa anashindana.

Jumapili, 8 Septemba

Gari inanyooka. Angelina anasema ni kutu tu, na ametoa maelezo marefu. Sawa. Kutu. Lakini ilitumwa na nani? Na ilijuaje wiki ya harusi? Na mbona imepona siku ileile Halidi alipokuwa na shughuli nyingi?

Mchana kaja Yeremia, jirani wa nyumba ya pili. Gari yake nayo, akifunga breki, inavuta kulia. Kasikia mimi nina uzoefu. Nikamkaribisha kigoda. Nikapapasa tairi, nikafumba macho, nikatikisa kichwa. Akauliza kwa hofu kama ampigie fundi.

Nikamwambia fundi baadaye. Kwanza anijibu la kitaalamu: ana mashemeji wangapi, na yupi kati yao anakaa upande wa kulia?