Nyumba ya Bi Mkunga na Mdomo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Inauzwa! Ile nyumba ya madirisha ya kijani, mtaa wa zamani, nyuma ya mnara wa saa. Nimeona kibao nikiwa garini na mwanafunzi wa udereva. Nikakanyaga breki ya upande wangu kwa nguvu hata maskini akauliza amekosea wapi. Hajakosea popote. Ni mimi.

Ukweli ni kwamba wanafunzi wangu wote nawafundisha kurudi nyuma mbele ya nyumba ile. Barabara pana zipo tele. Nawapeleka pale penye upenyo wa kujipitishia ubavu ili niitazame. Roshani ya chuma. Mlango ukiwa wazi, ngazi ya mbao inayong'aa kwa kushikwashikwa. Ua wa ndani wenye kisima kilichofunikwa. Halafu narudi nyumbani, juu ya karakana ya matairi, ambako hata maziwa yananuka mpira.

Jioni nimekwenda na mume wangu kuiona. Mwenye nyumba ni mkunga mstaafu, mtaa mzima wanamwita Bi Mkunga. Nusu ya wanaoishi pale walitua duniani mikononi mwake. Anauza kwa sababu magoti yamezigomea ngazi, na binti yake amemwandalia chumba cha chini kwake. Ametuambia haangalii bei tu, anaangalia mtu. Wamekuja watu wa hoteli, kawafukuza. Anataka watu watakaoishi humo, wagombane humo, wapatane humo.

Mume wangu akagonga ukuta wa sebuleni na kusema una ufa. Nikamkanyaga mguu.

Njiani nimemwapisha asimwambie mtu yeyote, hasa dada yake. Mume wangu ni mwoka mikate na hawezi kuficha jambo. Chochote ukimtilia ndani kinaumuka. Nimeingia kuoga, nikatoka, nikamkuta amekata simu anatabasamu. Dada yake amefurahi sana, anasema.



Jumanne, 4 Machi

Wifi ameshakwenda. Alfajiri, eti alikuwa anapita. Hakuna anayepita mtaa ule alfajiri isipokuwa paka.

Wifi yangu anashona magauni ya arusi. Amekwenda na utepe wake shingoni, akapima vyumba vya chini, akarekebisha na pindo la gauni la Bi Mkunga papo hapo. Bila kuombwa. Kanipigia mwenyewe kunieleza. Vyumba vya chini vina mwanga wa kushonea, anasema, na maharusi hawatapata shida ya kupanda ngazi. Akauliza kwa sauti tamu kama na sisi bado tunaitaka au tulikuwa tunatazama tu.

Nikasema tulikuwa tunatazama tu. Kwa nini nilisema hivyo? Mdomo wangu una mwenyewe, na mwenyewe si mimi.

Sijala mchana. Nimemfokea mwanafunzi wangu mhandisi, mtu mzima wa kujenga madaraja, kwa kuchelewa kuachia klachi. Ameangalia mbele tu, kidevu kinamcheza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa.

Wifi anataka vyumba vya chini ili atoboe dirisha kubwa la kuonyeshea magauni. Hilo mume wangu kalisema. Sasa, mtu akiambiwa kwamba ofisi ya majengo ya kale hairuhusu hata msumari kwenye ukuta wa mbele, atabaki na hamu? Hatabaki. Je, ni kweli hairuhusu? Sijui. Inawezekana. Kitu kinachowezekana si uongo.

Lakini isitoke kwangu. Nimemwacha mwanafunzi kwenye kivuli afanye mazoezi ya kuwasha na kuzima gari, nikaingia kwa kinyozi wa kona. Kwake hazinyolewi nywele tu. Nikamnong'oneza kwamba nimesikia ofisi ina macho na nyumba ya Bi Mkunga. Akauliza macho ya namna gani. Nikasema macho makali. Nikatoka.

Nilirudi garini nikiwa mwepesi. Wepesi huo ulidumu mpaka kwenye taa za barabarani.

Ijumaa, 7 Machi

Habari imenirudia, imenenepa.

Asubuhi, msumari hauruhusiwi. Kufikia adhuhuri, nyumba ina kasoro. Jioni mwanafunzi wangu mwingine, ambaye hata hakai upande ule, ameniambia tusiende kurudi nyuma mtaa wa zamani kwa sababu kuna nyumba inabomolewa na serikali wiki ijayo. Ameisikia sokoni. Akanieleza mpaka rangi ya tingatinga.

Nimekwenda kwa kinyozi kurekebisha. Nikamwambia pengine nilisikia vibaya. Akanitazama kwenye kioo na kusema, dada, usiogope, hatutakutaja. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaitikia kwa vichwa.

Benchi zima!

Jumapili, 9 Machi

Leo ni siku mbaya na nitaiandika upesi.

Bi Mkunga yuko kitandani. Majirani walikwenda kumpa pole ya kubomolewa nyumba. Hakuwa na habari. Aliketi kwenye ngazi, pale pale, na hakuinuka mpaka alipoinuliwa. Tangu jana hataki chakula. Binti yake yuko safarini kikazi.

Nilipofika, nani amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji? Wifi. Amelala huko huko. Nywele zake, ambazo sijawahi kuziona zimekaa vibaya, zilikuwa zimekaa vibaya.

Bi Mkunga akanishika mkono. Vidole vikavu. Akaniuliza mimi ninayepita pale kila siku na gari, je, nimeona mashine yoyote imekuja. Akasema chumbani mle alimzaa binti yake peke yake, akajizalisha mwenyewe, mvua inanyesha, na sasa watu watatembea juu ya vumbi lake.

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo ili niseme kwamba ni mimi, hakuna mashine, hakuna chochote. Kilichotoka ni hiki:

"Mama, haibomolewi. Sisi tutaizuia. Mimi na wifi tulishakubaliana tuinunue pamoja, tuishi humu sote, familia moja."

Bi Mkunga akafumba macho na kunibana mkono. Halafu akaomba uji.

 Wifi alinitazama jinsi anavyotazama mshono wa mtu mwingine.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisi ya majengo ya kale imekuja. Ya kweli! Uvumi umewafikia, wametaka kujua ni nani anayebomoa nyumba yao bila kibali.

Amekuja mama mmoja mwenye kofia ngumu na viatu vya matope. Kasema nyumba haibomolewi, haijawahi kufikiriwa kubomolewa, ni miongoni mwa nyumba zinazolindwa tangu zamani, na ukuta wa mbele hauruhusiwi hata msumari.

Kumbe nilisema kweli! Nilitamani kumkimbilia kinyozi. Nikajizuia.

Lakini mama yule akauona ufa wa sebuleni. Kasema nyumba haiuziki mpaka mhandisi aandike kwamba ukuta ni salama. Kisha akaiona kona ya nje, ile iliyomeguka lipu, akawauliza majirani imekuwaje. Wakamwambia kuna shule ya udereva inawaleta wajinga wake kujifunzia hapo. Wote wakageuka kuangalia gari langu. Lina kibao juu ya paa, linaonekana kutoka mnara wa saa.

Nikasema hao watu hawana adabu kabisa, na nitaongea na mkuu wa shule.

Mkuu wa shule ni mimi.

Jumanne, 11 Machi

Mhandisi nilikuwa naye, tena ananiogopa. Nimempigia kwa sauti laini mpaka akauliza kama naumwa. Nimemwomba aje apime ufa. Amekubali, kwa sharti nisimfokee tena kuhusu klachi. Nimekubali. Maji yamenifika shingoni, nitaanza kuchagua masharti?

Amefanya kazi tangu asubuhi. Amelala chini, amepanda dari, ameubandika ufa vipande vya kioo aone kama unasogea, ameweka sikio ukutani kama anayesikiliza mtoto tumboni. Bi Mkunga, ambaye leo ameweza kukaa kwenye kiti, alimtazama na kusema huyu kijana anajua kazi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikila kucha. Nikawaza ukuta ukiwa mbovu tumekosa. Nikawaza ukiwa mzima wifi ananunua. Nikawaza tukinunua na wifi. Kila upande una shimo.

Jibu ni kwamba ufa ni wa zamani kuliko sisi sote na haujasogea. Nyumba ni salama. Kitu kinachoiharibu, kasema, ni kona ya nje inayogongwa na gari, na gari hilo ni jekundu. Akaitazama rangi iliyobaki ukutani. Akalitazama gari langu. Akakohoa.

Kisha akauliza, polepole, nadhani lini atakuwa tayari kwa mtihani.

Nikasema wiki ijayo. Mungu awalinde watumiaji wa barabara.

Alhamisi, 13 Machi

Bi Mkunga ametuita wote, mimi, mume wangu na wifi. Amevaa vizuri. Amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, rangi imemrudia. 

Akasema hivi:

"Wanangu, nimeingia nyumba za watu wengi saa za uchungu, na huko ndiko mtu huijua familia. Mawifi nimewaona. Wengi husubiri mtoto atoke ili waseme hafanani na kaka yao. Lakini ninyi wawili mmoja amenilisha, mwingine amenipigania. Kila mmoja peke yake nisingemuuzia. Nawauzia pamoja, kama mlivyokwisha kukubaliana. Wa chini chini, wa juu juu, na mlango mmoja."

Mume wangu akalia. Nilimwangalia wifi. Wifi akaniangalia mimi. Nilingoja akatae. Yeye, bila shaka, alingoja nikatae mimi. Bi Mkunga akatutazama sote, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo ukiizima unastahili kufungwa.

Tukakubali.

Tulipokuwa tunashuka, wifi akanishika mkono juu ya kiwiko, akanisimamisha kwenye ngazi. Akasema kinyozi alimwambia kila kitu tangu Jumamosi.  Nikamuuliza kwa nini hakunisema kwa Bi Mkunga, nyumba angeipata peke yake.

"Alikuwa hali chakula," akasema. "Ningemwambia kwamba mtu aliyemshika mkono ndiye aliyemwangusha, angekula?"

Akaniachia, akashuka.

Nimekaa nyumbani jioni nzima nikiona aibu. Aibu ya kweli, imekaa hapa kifuani kama tonge kavu. Wifi ni mtu mwema kuliko mimi. Nimeandika hivyo, na nimeisoma mara mbili ili macho yaizoee.

Kisha nikakumbuka kwamba ua wenye kisima uko chini. Kwake.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumehamia. Bi Mkunga yuko kwa binti yake, mzima, ananinena vizuri kwa kila mtu. Hilo linanikosesha raha kuliko angenitukana.

Nyumba ni nzuri. Lazima niseme. Jua linaingia kupitia madirisha ya kijani na kuchora mistari sakafuni, na mume wangu huleta mikate ya moto juu kabla mtaa haujaamka. Hakuna harufu ya mpira.

Lakini mashine za wifi! Zinaanza kulia kabla ya chai, chini ya kitanda changu hasa. Maharusi wanakaa kwenye ngazi yangu na mama zao, nami napita katikati ya shela nimebeba ndoo. Kila nikirudi sokoni wifi yuko mlangoni. Hasemi neno baya. Anainua tu kitambaa cha kikapu na kuuliza nyanya nimezinunua bei gani, kisha anasema aa. Watu wakija kunitembelea wanakunywa chai kwake, wananifikia wameshiba.

Si kwamba simpendi. Nampenda. Nampenda na ningempenda zaidi akiwa ng'ambo ya barabara.

Na leo Mungu kafungua mlango. Nyumba ya ng'ambo, ile yenye taa ya shaba, inauzwa! Nimeona kibao wakitundika. Nikapanga hapo hapo. Nitamwendea wifi kwa siri nzito, nimwambie nimeipenda ile nyumba hadi usingizi sipati, ila asimwambie mtu. Mimi namjua wifi. Kabla ya adhuhuri atakuwa kule na utepe shingoni. Atahama, ua utabaki kwangu, na hatagundua kamwe.

Ili niongope vizuri, nimekwenda kuiona kidogo kwanza.

Ina roshani mbili. Bafu lina vigae vya bluu ambavyo havitengenezwi tena. Juu kabisa kuna chumba kidogo cha dirisha la duara, ukisimama hapo unauona mnara wa saa, paa zote, na kule mbali barabara pana za kufundishia ambazo sijawahi kuzitumia. Nilikaa sakafuni humo mpaka mwenye nyumba akaja kuniuliza kama naumwa.

Wifi asipate kujua. Nimemwapisha mume wangu. Ameapa. Sasa hivi yuko chini kwa dada yake, amepeleka mikate, na nasikia mashine zimenyamaza.