Uso wa Picha ya Mama

Jumatatu, 3 Juni

Siku tano zimebaki. Jumamosi natimiza miaka hamsini. Pacha wangu naye anatimiza hamsini, ila ukimtazama utaapa alifika arobaini akakataa kusogea. Uso ni uleule. Pua ileile. Hata kovu la nyusi tulilipata kwenye mlango mmoja. Mimi nimemtangulia kuzaliwa kwa dakika ishirini. Dakika ishirini! Haziwezi kumzeesha mtu kiasi hiki.

Miaka kumi nimekwepa kupigwa picha naye. Sababu naiandika mara moja tu. Kwenye harusi ya binamu yetu, mpiga picha aliniomba nisogee karibu na mwanangu. Pacha wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitoka nje kuangalia magari ya watu. Tangu siku hiyo, picha ikitajwa, natafuta mlango.

Sasa Mama amepiga simu. Hataki zawadi. Anataka picha moja ya wanawe wawili pamoja, itundikwe mkabala na kitanda chake, kabla ukungu wa jicho la kushoto haujahamia la kulia. Alisema kwa utulivu, kama anayeagiza sabuni. Nilikubali hapohapo. Nilipokata simu nililia kidogo, halafu nikaenda kwenye kioo.

Hali ni mbaya. Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka ishirini na miwili nakaa kiti cha pembeni ya mwanafunzi, kioo cha dirisha kimeshushwa, jua linapiga shavu moja. Shavu hilo limejikunja kama shati lililolala kwenye begi. La pili bado lina matumaini.

Mchana nilipitia duka la dawa. Namshukuru sana mfamasia, mama mwenye subira isiyo ya kawaida. Akanieleza kuhusu antioksidanti. Kile kinachotia chuma kutu na kuligeuza tufaha lililokatwa kuwa la kahawia, alisema, ndicho pia kinachochosha ngozi, na jua linakichochea. Mimea ina antioksidanti, vitu vya kukipunguza kasi: majani ya chai ya kijani, mbegu za zabibu, komamanga, hata manjano. Akasema nisome orodha ya viungo, kilichotajwa mwanzo ndicho kingi. Nichague chupa nyeusi inayofungwa vizuri, maana mwanga na hewa huviharibu. Nijaribu kidogo nyuma ya sikio kwanza. Na kabla ya yote hayo, nipake losheni ya kukinga jua kila asubuhi na nipandishe kioo cha gari.

Nimeyakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Kioo kikipandishwa nitawaonaje wanaonisalimia? Akanipa vifuko vinne vya sampuli. Bure! Dunia bado ina watu wema.

Jumanne, 4 Juni

Akili imefanya kazi. Kama tufaha linageuka kahawia, basi tufaha ndilo litakalonichagulia dawa. Kwa nini nijaribu nyuma ya sikio langu wakati tunda halina harusi ya kwenda?

Nikakata vipande vitano. Vinne nimevipaka sampuli moja moja, cha tano nimekiacha kikavu. Nikavipanga kwenye dashibodi ya gari la mafunzo, juani, kwa mpangilio niliouweka kichwani. Kosa la kwanza lilikuwa hapo.

Mwanafunzi wa saa tatu ni mwalimu mkuu mstaafu tunayemwita Breki. Huyu mama hufunga breki akiona mbwa, akiona kivuli cha mbwa, na akikumbuka mbwa. Ananiita mwalimu, nami namwita mwalimu, kwa hiyo ndani ya gari kuna heshima ya kutosha. Kona ya kwanza tu, breki! Vipande vyote vikaruka miguuni. Nikaviokota na kuvipanga upya kwa kukisia. Kona ya pili nikashuka kumwomba radhi mwendesha baiskeli. Kurudi, vimebaki vitatu. Breki anatafuna.

Alisema ananishukuru kwa ukarimu, walimu wengine wa udereva hawampi hata maji. Ila akaniuliza kwa upole kama tufaha langu limeoshwa kwa sabuni. Nilijikaza kisabuni nikamwambia ni aina mpya.

Matokeo: vitatu vilivyobaki vimekuwa vyeusi vyote. Kwa hiyo dawa ya kweli iko tumboni mwa Breki. Nimemtazama usoni mpaka mwisho wa somo. Kwa kweli alikuwa aking'aa.

Jumatano, 5 Juni

Nimeacha sayansi. Nimehamia ujasusi.

Pacha wangu ni mtunza nyaraka. Anafanya kazi chini ya jengo, chumba kisicho na dirisha, anakula maisha na mafaili. Lazima ana kitu anachopaka. Haiwezekani mtu awe na ngozi ile kwa hisani ya mafaili.

Nikaenda kwake kuazima ngazi. Sina kazi ya ngazi. Alipotoka kwenda kuitafuta nyuma ya nyumba, mimi nikajifungia bafuni. Roho mkononi. Nikafungua kabati: sabuni ya mche, mswaki, kofia ya jua yenye ukingo mpana. Kofia bafuni? Ya kufanyia nini? Sikuijali. Nyuma ya taulo ndipo nilipoliona. Kopo dogo jeusi, limefungwa vizuri, halina karatasi. Mwanga na hewa haviingii! Nikachota kidogo, nikakifunga kwenye karatasi ya chooni, nikatia mfukoni.

Nilitoka nikijifanya natoka kunawa. Pacha wangu alikuwa ameshika ngazi, anatabasamu. Akasema amefurahi nimekuja, ni mwaka mzima sijafika kwake. Akakataa kata kata nisibebe ngazi. Akaifunga juu ya gari langu mwenyewe, mafundo matatu, akasimama barabarani akinipungia mpaka nikakata kona. Nilijisikia vibaya kwa kiasi cha dakika nne hivi.

Nyumbani nimepaka. Mke wangu akaninusa kutoka jikoni. Akaja, akainua kidevu changu, akasema hiyo ni nta ya kung'arishia viti, anaitumia na yeye. Akacheka, akakaa, akasimama, akacheka tena. Kisha akaifuta yote kwa kitambaa cha moto, taratibu, bila hata kuuliza nimeitoa wapi. Nashukuru nilimwoa mwanamke asiyeuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimechagua mwenyewe. Dukani kwa vipodozi nilichukua krimu yenye boksi lililochorwa majani mengi kuliko zote. Majani tele! Msitu mzima! Nikampelekea mfamasia ili anipongeze.

Akavaa miwani. Akasoma orodha kwa sauti, kidole kikishuka. Maji. Mafuta ya madini. Manukato. Rangi ya kijani. Akafika mwisho akanionyesha: hakuna mmea hata mmoja humo ndani, majani yote yamebaki kwenye boksi. Hakunicheka. Alilitazama shavu langu na kuuliza kama nimeanza losheni ya jua. Nikasema naitafakari.

Akaniambia pia nisiwe na haraka, hata krimu nzuri huchukua wiki nyingi, na hakuna inayorudisha miaka. Nikamshukuru kwa dhati. Wiki nyingi ni za watu wenye wiki nyingi. Mimi nina kesho.

Njiani nikapata wazo lililonifanya nisimame katikati ya barabara. Kama dawa ni mmea, kwa nini nihangaike na chupa? Niende kwenye mmea wenyewe. Manjano! Yeye mwenyewe aliyataja Jumatatu. Na jikoni kwetu yamejaa kopo zima.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Alasiri niliporudi kazini, mke wangu alikuwa sokoni. Nikachanganya manjano na maziwa kidogo. Kijiko kimoja kilionekana kidogo. Nikaweka kopo zima. Nikapaka uso, shingo na masikio, pamoja na nyuma yake, ili jaribio na tiba viende kwa pamoja. Nikalala kwenye kochi nisubiri robo saa.

Nimeamshwa na mke wangu jua likizama. Alikuwa amesimama mlangoni na kikapu. Nikanawa. Maji yakawa ya njano, mimi nikabaki wa njano. Sabuni. Njano. Sabuni ya vyombo. Njano inayong'aa! Mke wangu akaleta mafuta ya kupikia, akasugua mpaka mkono ukamchoka, na mto wa kochi nao umeharibika.

Nikampigia mfamasia. Nadhani aliziba simu kwanza. Akasema haina madhara, itatoka yenyewe kwa siku mbili tatu, nipake mafuta na nisijichubue. Nikamwambia sina siku mbili tatu. Nina asubuhi moja.

Miaka kumi nimemnyima Mama picha. Siku niliyoamua kumpa, nimejigeuza mchuzi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mama. Amesinzia. Naandika upesi kabla sijasahau lolote.

Asubuhi nilipiga moyo konde nikaamua kutokwenda. Nikamwomba mke wangu ampigie Mama aseme nina mafua makali. Akakataa. Akasema mama yule kakaa na ule ukuta mtupu miaka kumi, kama ni kumdanganya nimdanganye kwa mdomo wangu. Sikuweza. Nilishika simu nikaiweka, nikaishika nikaiweka.

Halafu honi nje. Pacha wangu amekuja kutuchukua. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, uso wake kama wa mtu wa kwenye tangazo. Nikajificha bafuni. Mke wangu akamwambia, shemeji, yupo huko ndani, mwone mwenyewe.

Akafungua mlango. Nikangoja acheke. Nilishajiandaa kwa kicheko kile cha harusini, nilishakikaza kifua. Hakucheka. Alisimama akanitazama muda mrefu, shavu hadi shavu. Nikajikuta namwambia kila kitu, tufaha, Breki, kopo lake la nta, yule mpiga picha aliyeniita baba yake. Nikamwambia siwezi kusimama kando yake Mama akanitazama hivi.

Akakunja mikono ya shati lake jeupe.

"Kaka, imebaki?"

Nikauliza nini imebaki.

"Hiyo manjano. Imebaki?"

Nilimkataza. Nikamwambia haitoki, Jumatatu ana kazi. Akajibu kuwa mafaili hayana macho. Bakuli lilikuwa bado juu ya sinki, chini limeganda. Akatia maji, akakoroga kwa kidole, akaanza na paji la uso. Akanipa mgongo nimpake shingo, sehemu asiyofikia.

"Sikucheka kwa sababu umezeeka," alisema akiwa amenipa mgongo. "Nilicheka kwa sababu yule bwana alinifanya mtoto wako. Nilifurahi. Ukaondoka, ukaniacha kwenye picha peke yangu, miaka kumi."

Nikaendelea kupaka. Tukakaa ukingoni mwa beseni nusu saa, watu wazima wawili, tukisubiri kukauka. Sikumbuki mara ya mwisho kukaa na ndugu yangu nusu saa.

Alikuwa wa njano kuliko nilivyothubutu kutumaini.

Mama alikuwa ameketi sebuleni, mpiga picha ameshaweka kamera. Tuliingia pamoja. Mama akatuita karibu, akatushika mashavu, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu, akatuvuta mpaka jicho lake zuri litufikie. Akatukagua kama alivyokuwa akitukagua tukirudi shule na madaftari yameloa.

"Haya," akasema. "Nani kaanza?"

Nikamnyooshea kidole pacha wangu. Pacha wangu akaninyooshea mimi. Hatukupanga. Hapohapo mpiga picha akabonyeza, na Mama akasema hiyohiyo, hataki nyingine.

Asante Mungu kwa Mama. Asante kwa yule mwanaume aliyekuja dakika ishirini baada yangu. Nimekaa hapa machozi yananitiririka ya njano, na sioni aibu.

Jumatatu, 10 Juni

Picha imeshasafishwa na kutundikwa. Mke wangu ameniletea nakala. Nimeibusu. Nimemshukuru mke wangu, nimempigia pacha wangu kumshukuru mara mbili, nimemshukuru na mfamasia, ambaye aliomba aione na kuishiwa nguvu kwa kicheko juu ya kaunta yake. Nyumba yote imejaa amani. Nimejifunza kwamba uso si kitu, na kwamba undugu ndio kila kitu.

Halafu nikaitazama picha tena, dirishani, kwenye mwanga mzuri.

Mbona yeye ameonekana kijana?

Manjano ni yaleyale! Bakuli ni lilelile! Yangu yamekusanyika kwenye mikunjo kama ramani ya barabara. Yake yametandaa laini, yamempa mng'ao. Mtu asiyetujua angesema baba na mwana wamekula embe. Nimefikiri sana na nimegundua siri: yeye aliongeza maji. Maji! Na alikoroga kwa kidole, si kwa kijiko.

Breki alikuwa akinisubiri garini, kwa hiyo nilimpigia mfamasia nikiwa nimeegemeza kiwiko dirishani, kioo chini, jua tamu shavuni. Nikamuuliza kuhusu nyanya. Akaniuliza kuhusu losheni ya jua. Nikamwambia tuongee jambo moja kwa wakati.

Mama keshasema mwakani anataka picha nyingine. Nina mwaka mzima kasoro siku mbili. Nimenunua nyanya kilo tatu, na kwa pacha wangu sitasema neno.