Koti la Mkaguzi wa Wazazi

Siku tatu baada ya kuruta kuhitimu, studio ya picha ilijaa wazazi hadi mlangoni. Kila mmoja alitaka picha ya mwanawe akiwa ameinua kidevu na kukunja uso, na kila mmoja aliitaka kubwa kuliko ya jirani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliagiza ya ukubwa wa mlango. Mwalimu mkuu mstaafu, aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, akauliza kama studio ina ukubwa unaozidi mlango.

Kwenye benchi la pembeni alikaa mtu mmoja ambaye hakuwa na mtoto, hakuwa na picha, wala hakuwa na kazi. Alifuata upepo wa feni tu. Mjini walimwita Taratibu, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Aliwahi kumuuzia mtu nafasi ya mbele kwenye foleni ambayo haikuwepo, na yule mtu akamshukuru kwa kufuata taratibu.

"Wangu wamempeleka injini za ndege," mwenye duka alisema, kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Injini ni kushika grisi," mwalimu mkuu akajibu. "Wangu ni rada."

Kati yao hakuna aliyejua rada ni kitu cha kubeba au cha kupanda. Lakini wote waliinua videvu kama wale watoto wa kwenye picha.

Juu ya kaunta palikuwa na karatasi waliyogawiwa wazazi siku ya kuhitimu. Taratibu aliivuta akaisoma. Ilisema kwamba vijana wanatoka kambi ya kuruta kwenda chuo cha ufundi cha jeshi, na kwamba mzazi anaombwa kudumisha nyumba yenye utulivu na nidhamu ili kumsaidia mwanafunzi katika hatua hiyo. Ushauri huo angeutoa shangazi yeyote, bila malipo na bila muhuri. Huu ulikuwa na muhuri.

"Na nyumba zenu zimeshakaguliwa?" Taratibu aliuliza taratibu.

Studio nzima ikageuka.

"Zikaguliwe na nani?" mwenye duka aliuliza.

"Jamani, watu wazima nyinyi. Wamewaandikia nidhamu, wamewagongea muhuri, mnadhani wameishia hapo? Mtoto akitoka nyumba isiyo na nidhamu, hiyo rada atakabidhiwa kweli?" Akashusha sauti. "Mkaguzi ni mimi. Leo sikuvaa koti kwa makusudi. Huwa nawatazama watu kwanza kabla hawajajua."

Mwalimu mkuu alichomoa mikono mfukoni. Mtu aliyechapa viboko kizazi kizima cha mji ule alisimama wima mbele ya mtu aliyefuata feni, na hakuona ajabu yoyote.

Kesho yake koti likaonekana. Lilikuwa la kaki nzito, limejaa kifuani, na vifungo vya shaba vimesuguliwa vikang'aa. Ndani yake Taratibu alirefuka.

Alianza kwa mwenye duka. Alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaomba kuona kitanda cha kijana.

"Mto huu umelala upande gani?"

"Upande wa ukuta, afande."

"Ndiyo maana," Taratibu akasema, na hakueleza ni maana ya nini. Mwenye duka akaandika: mto, ukuta, ndiyo maana.

Alipopewa bahasha aliirudisha kwa ukali. "Pesa sigusi. Mnataka kunifungisha?" Kwa kauli hiyo moja alinunua imani ya mtaa mzima. Alichogusa ni chakula, mara tatu kwa siku, na vifaa. Seti ya spana mpya, tochi kubwa, kisanduku cha bisibisi, saa ya mkono aliyonunuliwa kijana wa rada: vyote vilipaswa kwenda kusajiliwa kambini kabla mtoto hajaruhusiwa kuvitumia. Kila kimoja alikifungia kikaratasi chenye jina la mtoto na namba yake ya jeshi, kwa uzi, mbele ya mzazi. Mtu akiona jina la mwanawe limeandikwa vizuri haulizi kifaa kinakwenda wapi. Vikaingia kwenye sanduku la bati, na mzazi akabaki na cheti cha Nyumba Daraja la Kwanza. Mwalimu mkuu alipata Daraja la Pili, akakosa raha, akakaguliwa upya kwa kuongeza redio.

Mwenye duka ndiye aliyemkumbusha kuhusu dobi.

"Kuna yule mwanamke wa mashuka, kule nyuma. Binti yake naye kapita, eti umeme wa mitambo. Huyo ukamkague vizuri, afande. Tusije tukawekwa daraja moja na watu wa ndoo."

Hakusema kwamba dobi alikuja dukani kwake mara mbili wiki ile kuulizia turubai, na mara zote mbili alimtajia bei ya kumfukuza. Chuo kilitaka kila mwanafunzi awe na mfuko wa zana wa kitambaa kigumu, wenye vyumba kumi na viwili, wa kukunja na kufunga. Asiyekuwa nao siku ya kwanza angepelekwa kusaidia jikoni hadi aupate. Mwenye duka alikuwa amenunua turubai yote ya mji. Aliita hiyo kuwajali vijana.

Binti alimweleza mama yake kwa simu ya kambi, dakika tano za Jumamosi. "Mama, usihangaike. Jikoni nako ni kazi," alisema, na dobi akasikia jinsi alivyojikaza asilie. Wiki kumi na mbili alikuwa ametambaa kwenye matope ili aguse nyaya, na sasa angemenya viazi kwa kukosa kitambaa. Dobi alikata simu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Gari la vifurushi lingeondoka Jumamosi inayofuata saa sita mchana.

Taratibu alibisha hodi Alhamisi asubuhi, na sanduku lake mkononi. Ua ulikuwa na kamba sita za mashuka, mabeseni, na banda lenye meza ya pasi na cherehani.

"Picha ya binti iko wapi?" alianza.

"Sina. Namkumbuka bila picha."

"Hilo ni kosa la kwanza." Akatazama huku na huku, na kwa kuwa hakuona kabati la kupitishia kidole, akavua koti. Lilikuwa na doa la mchuzi wa mwalimu mkuu kifuani. "Hili ni jaribio. Lifue, lipige pasi. Nyumba hupimwa kwa kazi yake."

Dobi alilipokea, akaligeuza nje ndani kama anavyogeuza kila nguo kabla ya kuilowesha. Ndani ya kola aliona misalaba miwili ya uzi mwekundu, na chini yake mishono saba midogo.

Kila dobi ana alama yake, na ile ilikuwa yake. Aliishona mwenyewe kwenye makoti ya mabawabu wa hoteli kubwa, ili nguo za hoteli zisichanganyike na za watu. Koti la saba lilipotea mwaka uliopita, wiki ileile bawabu mmoja alipofukuzwa kazi. Bawabu yule aliapa kwamba koti lilikwenda kwa dobi na halikurudi. Meneja akamwamini mwenye maneno mengi, na dobi akafua mashuka ya hoteli mwezi mzima bila kulipwa. Hakuwahi kuuona uso wa bawabu yule. Sasa alikuwa anautazama.

"Afande," alisema kwa upole, "kaki hii ni nzito. Nikiifua haraka doa litabaki. Inataka kulowa siku mbili."

"Siku mbili?"

"Taratibu za kaki."

Neno lilikuwa lake mwenyewe; Taratibu akaitikia kwa kichwa. Bila koti alikuwa mtu mwembamba mwenye fulana iliyotoboka kwapani.

"Na sanduku lako tuliweke kwenye kabati la mashuka kule ndani, lina kufuli," dobi akaongeza, akalipeleka na kugeuza ufunguo. "Mtaa huu una wezi."

Taratibu alikuwa bado anatafuta pa kupenyea, mwenye duka akatokea langoni na daftari lake. Alikuja kuona dobi anavyofeli. Dobi alimwahi.

"Karibu, jirani. Afande ameacha koti makusudi. Anataka kutuonyesha kwa vitendo jinsi nyumba ya mwanajeshi inavyosafishwa. Si ndivyo, afande?"

Mwenye duka alifungua ukurasa mpya. Taratibu alimtazama yeye, akaitazama kalamu, akakumbuka spana za watu zilizo ndani ya sanduku.

"Ndivyo," alisema, akakunja suruali.

Alisugua sakafu ya banda. Alizibua mfereji. Alikamua mashuka ya hoteli thelathini na mbili, yale yale ambayo zamani aliyapita mlangoni kwa dharau, huku akitoa maelezo kwa sauti inayozidi kukwama. "Shuka hukamuliwa kutoka kushoto. Mkono wa kulia ni wa silaha." Mwenye duka aliandika. Ijumaa alikuja na mwalimu mkuu, kila mmoja na kiti chake, nao wakaketi kivulini kumtazama akifua soksi, wakibishana kwa minong'ono nani kaelewa zaidi. Mambo hayo hawakuwahi kuyafanya majumbani kwao, wala hawakukusudia kuyafanya. Walitaka tu ijulikane kwamba waliyahudhuria.

Kila alipouliza koti, dobi alinyoosha kidole kwenye beseni lenye povu. "Linatoa doa hilo, afande." Kisha aliingia bandani, na cherehani ikaanza kulia. Jioni Taratibu alijipenyeza hadi nyumbani kwake kwa njia za nyuma, amevaa shati la mteja, na asubuhi alirudi. Angewezaje asirudi? Koti na sanduku ndivyo vilivyokuwa Taratibu; kilichobaki kilikuwa mtu wa feni.

Jumamosi saa nne simu ililia. Dobi aliiweka kwa sauti ya juu, juu ya meza ya pasi. Wazee wawili walikuwa kwenye viti vyao. Taratibu alikuwa katikati ya ua, ameshika ncha ya shuka.

"Mama, hujambo? Usiseme umeanza kukopa."

"Sijakopa. Mfuko wako tayari. Vyumba kumi na viwili, na kifungo cha shaba cha kufungia." Dobi aliuinua kana kwamba binti anauona. "Kaki nzuri, mwanangu. Nimeipata kwenye koti moja kuukuu lililokuwa limepotea."

Taratibu alilitupia macho beseni. Akachovya mkono ndani ya povu, akatoa gunia.

"Mama," binti akasema, na safari hii hakujikaza, alilia kabisa. Dobi naye machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Na jambo jingine, mwanangu. Hapa tuna mkaguzi wa nyumba za wazazi, ametoka huko kwenu. Afande wako yuko karibu? Mpe simu wasalimiane."

"Mkaguzi gani? Ngoja, huyu hapa."

"Nani mwenzangu?" sauti nzito ikauliza kutoka mezani. "Kikosi gani?"

"Nakwenda msalani mara moja," Taratibu alisema.

Msala ulikuwa karibu na ukuta wa nyuma, na ukuta haukuwa mrefu. Mwenye duka alichungulia daftari lake kuona kama hilo nalo ni sehemu ya mafunzo.

"Ameitwa kazini ghafla," dobi aliwaambia wazee, akakata simu. Hakuwa na haja ya kuwaeleza zaidi. Walimwona kama ndoo kwa miaka mingi, na ndoo haitoi maelezo.

Alifungua sanduku la bati. Kila kitu kilikuwa na jina na namba, kimefungwa kwa uzi. Kazi safi, lazima tuseme. Saa sita kasorobo alilipakia lote kwenye gari la vifurushi, mfuko wa binti ukiwa juu, na spana, tochi, bisibisi, saa na redio vikawafikia wenyewe bila kukosea hata kimoja. Watoto wakapiga simu kushukuru. Mpaka leo mwenye duka anaapa kwamba mkaguzi yule alikuwa mtu wa kweli, na cheti chake kimetundikwa kando ya picha ya ukubwa wa mlango.

Taratibu alijificha wiki mbili. Njaa ilipomzidi akakumbuka kazi pekee aliyoijua, akaenda hotelini, akasimama mbele ya meza ya meneja.

"Niliachishwa kwa makosa," alisema. "Lile koti alilipoteza dobi."

Meneja alivuta droo, akaweka mezani kipande cha kola ya kaki chenye misalaba miwili ya uzi mwekundu na mishono saba.

"Dobi alileta hiki Jumatatu. Tumemlipa mwezi wake, na tumemwomba radhi. Koti lililobaki, anasema, liko jeshini." Akaisukuma kola mbele yake. "Nenda kalichukue, halafu uje tuzungumze habari ya kazi."