Kisanduku cha Salamu

Jumatatu, 6 Machi 2017
Nimerudi kutoka Unguja na cheti. Siku tatu za mafunzo! Sasa najua programu ya kuchora kazi nzima ya kampuni kwenye kompyuta: kila hatua na kisanduku chake, kila kisanduku na mshale wake. Alhamisi Mzee Marhoun, mwenye kampuni yetu ya mizigo, anakuja hapa Mkoani kuchagua msimamizi wa ghala. Ofisi yenye pangaboi! Tunaoiwania tuko wawili tu: mimi na Bi Rumaitha, aliyepokea wateja miaka ishirini na miwili na hajawahi kugusa kompyuta. Namwonea huruma. Kidogo.

Jumanne, 7 Machi
Nimezunguka na laptop kuwahoji watu. Ngwali, mkuu wa wachukuzi, anasema kazi huanza kwa mteja kuulizwa hali. Yake, ya mke, ya watoto, ya ng'ombe. Nimemuuliza kama ng'ombe ni lazima. Kanijibu kuwa ng'ombe asipoulizwa, mtu ataona tumemnunia. Kwa Bi Rumaitha salamu zinakula dakika kumi na nne kwa mteja mmoja! Programu imezipaka nyekundu. Tena inataka kila kisanduku kitoe karatasi, na salamu hazitoi karatasi. Nimekifuta. Bi Rumaitha kaondoka nacho mchoroni. Mchoro umependeza mno! Mishale yote sasa inapita kwangu.

Nimetangaza: kuanzia kesho hakuna kuulizana hali, ni karatasi tu. Bi Rumaitha hakubishana. Alisema haya, yeye yupo. Nimemshinda.

Jumatano, 8 Machi
Boti imeshusha mizigo. Ghala kimya! Wachukuzi wanabeba bila neno. Bi Rumaitha kakaa pembeni, kajitanda kanga, hamwangalii mtu. Mzee Hamad wa Kiuyu kaingia, kangoja kuulizwa hali, hakuulizwa. Kaniinamia, kauliza kwa sauti ya chini kama Mzee Marhoun hajambo. Nikamwambia swali hilo halina kisanduku. Akasema inna lillahi, akaondoka bila gunia lake la mchele. Waliofuata nao vivyo hivyo. Dakika moja na nusu kwa mteja! Mizigo yote imebaki ghalani, lakini hilo nitalitafutia mshale.

Alhamisi, 9 Machi
Sina nguvu ya kuandika. Bandari nzima kanzu tupu. Watu wa Kiuyu, watu wa Wingwi. Wanawake walishafika kwa dada yake Mzee Marhoun na masufuria yameshainjikwa. Ngwali kaja na jeneza la msikiti. Mzee Marhoun akashuka botini na kibegi chake, akaona umati, akawapa watu pole, akauliza nani aliyefariki. Wote wakanitazama mimi. Mimi nikatazama laptop.

Bi Rumaitha ndiye aliyesogea. "Watu wasema ni weye, Mzee," akamwambia. "Alhamdulillahi, kumbe bado."

Kabla ya adhuhuri pangaboi lilikuwa la Bi Rumaitha. Mimi nimepewa kiti cha mlangoni: nisalimie wateja, nisiandike kitu. Laptop kaichukua Mzee mwenyewe. Wali wa matanga ulikuwa mtamu, lakini niliulia nyuma ya ghala.

Jumamosi, 11 Machi
Siku mbili za kuulizia mifugo ya watu. Leo nimepata mwanga! Programu haikukosea. Salamu zilifutwa kwa haki kabisa. Kosa ni kwamba hatukuwa na kisanduku cha vifo! Nimechora upya nyuma ya kalenda. Kila asubuhi, kabla ya ghala kufunguliwa, kila mmoja wetu atajaza fomu kuthibitisha kuwa yu hai. Nakala tatu, na zote zinapita kwangu. Bi Rumaitha atajuta.

Mzee Marhoun anapanda boti kesho asubuhi. Nitamngoja bandarini. Fomu ya kwanza nimeshaijaza kwa jina lake, imebaki sahihi tu.